Gharama ya Kweli ya Chuo cha Ususi



Leo hatusemi juu ya kuongezwa mishahara. Twasema juu ya mahali mishahara inakokwenda. Sisi tufanyao kazi ya reli, toka Emali mpaka Mtito Andei, pamoja na wenzetu ambao nyumba zao ziko Kitui, wengi wetu tuna mabinti waliomaliza shule na wanaotaka kujifunza ususi na urembo. Ni kazi ya heshima. Mvua ikikosa, shamba halitoi kitu, lakini nywele huota vilevile.

Taabu ni hii: twaulizia karo tu. Twaambiwa, "Karo ni kadha wa kadha, na mtoto wenu atapata msaada." Twafurahi, twauza mbuzi, mtoto anaingia. Baada ya miezi sita zaja gharama za vifaa, nauli na mtihani. Fedha zimekwisha, na mtoto anarudi nyumbani bila cheti. Hapo tumepoteza mbuzi, na mtoto amepoteza mwaka.

Basi tujifunze hesabu moja. Andika gharama zote za mwaka: karo, vifaa, ada ya mtihani, nauli au bweni, na chakula. Toa msaada ambao haurudishwi. Kinachobaki ndicho gharama ya kweli.

Tutoe mfano wa kubuni. Chuo cha kwanza ni cha mtu binafsi mjini. Karo ni Sh. 45,000/-, vifaa 14,000/-, mtihani 5,000/-, na nauli ya kila siku 20,000/- kwa mwaka. Jumla Sh. 84,000/-. Chuo chasema, "Tunawapunguzia 15,000/-." Zabaki 69,000/-. Chuo cha pili ni cha kaunti. Karo 30,000/-, vifaa 9,000/-, mtihani 5,000/-, bweni na chakula 24,000/-. Jumla 68,000/-. Basari ni 10,000/- tu. Zabaki 58,000/-. Mnaona? Penye msaada mkubwa ndipo penye gharama kubwa, kwa Sh. 11,000/- zaidi.

Sasa tutenganishe aina za msaada, maana zote huitwa kwa jina moja.

Kwanza, ruzuku. Kwa Katiba ya mwaka 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini ni kazi ya kaunti. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 Serikali Kuu ilizipa kaunti ruzuku ya Sh. 15,000/- kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa vyuo hivyo. Mipango ya namna hii hubadilika. Kwa hiyo umwulize mkuu wa chuo: je, karo mnayotaja imekwisha kupunguzwa ruzuku, au bado? Usiipunguze mara mbili.

Pili, basari ya kaunti au ya mfuko wa maendeleo ya jimbo la uchaguzi. Hii hairudishwi. Lakini usiihesabu kabla haijafika chuoni. Fomu iliyojazwa si fedha.

Tatu, mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Bodi hiyo huwakopesha pia wanafunzi wa vyuo vya ufundi. Uliza kama chuo chenu kimo. Riba ni 4 kwa mia kwa mwaka, na kulipa huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Asiyelipa hutozwa faini ya Sh. 5,000/- kila mwezi. Mkopo haupunguzi gharama. Huisogeza mbele tu, na atakayeibeba ni mtoto mwenyewe. Wazee walisema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, tuulize mambo manne. Je, chuo kimeandikishwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi? Je, mwanafunzi atafanya mtihani wa kazi wa NITA, au atapewa karatasi ya chuo tu? Ada ya mtihani imo ndani ya karo au iko mbali? Mtoto akiacha katikati, fedha gani zitarudishwa? Majibu yaandikwe kwenye karatasi yenye mhuri. Maneno ya mdomo hayana risiti.

Ndugu, tunapozungumza na mwajiri hatukubali kutajiwa mshahara bila kuambiwa makato. Tusikubali basi kutajiwa msaada bila kuambiwa gharama. Kila mwanachama aliye na mtoto chuoni na alete hesabu yake kwa katibu wa tawi, ili anayefuata asianze gizani. Karatasi kumi za namna hiyo zitatufaa kuliko matangazo yote yaliyobandikwa sokoni.

Umoja ni nguvu.