JE, IMANI HUTUFANYA KUWA MAJIRANI WEMA?

Hotuba ya Mchungaji katika Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika





Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeuvusha Usharika huu katika miaka 100. Walionitangulia wameeleza vema habari za waasisi wetu, za ujenzi wa kanisa hili, na za shule na zahanati. Kamati ya Jubilei imenipa kusema juu ya jambo lisilohesabika kwa matofali: je, imani huwafanya watu wawatendee wenzao vema zaidi, au vibaya zaidi? Ni swali la vijana wetu, nao hawaliulizi kwa ubishi. Wanastahili jibu la kweli.

Jibu la kweli ni kwamba katika historia imani imeonekana ikifanya yote mawili, na sisi wa mkoa huu wa Kagera tumeyaona kwa macho yetu.

Ng'ambo ya mto

Mauaji ya kimbari yalipoanza nchini Rwanda mwezi Aprili 1994, karibu watu tisa katika kila kumi nchini humo walijitambulisha kuwa Wakristo. Maelfu walikimbilia makanisani wakitumaini kwamba hapo mkono wa muuaji hautawafikia. Lakini Ntarama, Nyamata na Nyarubuye, nyumba za ibada ziligeuka machinjio. Huko Nyange kanisa lilibomolewa kwa buldoza juu ya watu waliokuwa wamejificha ndani, na padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2008 na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha. Mchungaji wa Kiadventista, Elizaphan Ntakirutimana, alikuwa ametiwa hatiani na mahakama hiyohiyo mwaka 2003. Mto Akagera ulileta maiti mpaka Ziwa Victoria. Aliyeua na aliyeuawa, mara nyingi, walikuwa wamebatizwa kwa maji yaleyale na kushiriki meza ileile.

Siwataji hao kwa sababu si Walutheri. Baba yetu Martin Luther mwenyewe aliandika mwaka 1543 maneno makali mno dhidi ya Wayahudi, na karne nne baadaye Wanazi waliyatumia kwa furaha. Makanisa ya Kilutheri yamelazimika kuyakataa maandiko hayo hadharani. Hakuna dhehebu lenye mikono misafi kiasi cha kumnyooshea mwenzake kidole.

Hata hivyo, katika giza hilohilo palikuwa na taa. Mjini Gisenyi, Félicité Niyitegeka, mtumishi wa Kanisa Katoliki, aliwahifadhi watu waliokuwa wakiwindwa. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alimpelekea ujumbe aondoke ajiokoe. Alikataa kuwaacha, akauawa pamoja nao. Waislamu wengi wa Rwanda, ambao walikuwa wachache sana nchini humo, wanakumbukwa kwa kuwaficha majirani zao. Na palepale Nyange, tarehe 18 Machi 1997, wanafunzi wa shule ya sekondari waliamriwa na wauaji wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande wa pili. Walijibu kwamba wao ni Wanyarwanda, wakabaki pamoja. Baadhi yao walilipia jibu hilo kwa maisha yao.

Nyumbani kwetu

Tusidhani mtihani huo ulikuwa wa jirani pekee. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa hapa Kagera. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyoletwa na wafanyabiashara wa mpakani. Wazee mnakumbuka yaliyosemwa. Wapo waliohubiri kwamba ni fimbo ya Mungu kwa wazinzi, na kwa mahubiri hayo wakapata ruhusa ya kutomtembelea mgonjwa. Wapo waliokwenda msibani wasiguse chakula, na waliohesabu vikombe wakijua kimoja kitavunjwa. Hao walikuwa waumini waliosali kila Jumapili.

Lakini kutoka katika mabenchi yaleyale waliinuka wanawake waliowaosha wagonjwa, wakawabadilishia matandiko, wakawashika mkono mpaka pumzi ya mwisho. Bibi waliokwisha kulea wa kwao walianza upya kulea wajukuu na yatima wa majirani. Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ilianzisha huduma ya watoto, HUYAWA, kwa ajili ya yatima hao. Wimbo ulikuwa uleule na Biblia ileile. Tofauti ilitoka wapi?

Mpaka wa ujirani

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa maoni yangu, tofauti haikutokana na wingi wa sala. Ilitokana na mahali ambapo kila mtu alichora mpaka wa neno jirani. Katika mfano wa Msamaria Mwema, kuhani na Mlawi hawakukosa dini. Walikosa kumhesabu aliyelala njiani kuwa ni mtu wao. Imani ikiwa ni uzio wa kuwatambua walio wetu, humfanya mtu kuwa mkali kuliko asiye na dini, kwa maana hudhani Mungu yuko upande wake. Imani ikiwa ni shukrani ya mtu aliyepokelewa bure, humfungulia mwingine mlango.

Sisi Walutheri tunafundisha kwamba tunahesabiwa haki kwa imani, wala si kwa matendo. Fundisho hili si mto wa kulalia. Ikiwa Mungu hahitaji matendo yangu ili anipende, basi matendo yangu yamebaki huru kwa ajili ya jirani anayeyahitaji.

Ndiyo maana tunajivunia mkutano wa Juni 1977 jijini Dar es Salaam. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilitamka hapo kwamba kukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni jambo la ukiri wa imani yenyewe, wala si siasa tu. Mkutano huohuo ulimchagua Askofu Josiah Kibira, mwana wa Bukoba, kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Fungamano. Mwaka 1984, huko Budapest, Fungamano liliyasimamisha uanachama makanisa mawili ya wazungu ya kusini mwa Afrika ambayo hayakuwa yameukataa ubaguzi huo.

Karne ya pili

Washarika wapendwa, sherehe hii itakuwa kelele tupu tusipojipima. Binti akipata ujauzito nje ya ndoa tunamtenga na kumrudisha kundini mbele ya watu wote. Mwanaume aliyehusika huendelea kuimba kwaya kwa sababu hakuna aliyemtaja. Mjane hunyang'anywa shamba na ndugu wa marehemu ambao ni washarika wenye kadi. Bibi kizee mwenye macho mekundu huitwa mchawi, nasi tunanyamaza.

Namwomba Baba Askofu aniwie radhi nikilisema hili siku ya furaha. Naliomba Baraza la Wazee, kabla mwaka huu wa Jubilei haujaisha, liitazame upya nidhamu yetu ya kutenga, ili isimwangukie mnyonge peke yake. Nawaomba pia wateue watu watakaosimama na mjane siku baraza la ukoo linapoketi kugawa mali, wala si siku ya mazishi tu.

Watakaoadhimisha miaka 200 watasoma kitabu hiki. Watalikuta jengo letu limechakaa, au limejengwa jingine. Watakalouliza ni kama aliyekuwa dhaifu kati yetu alikuwa salama karibu nasi.

Mungu atujalie neema ya kuwa majirani wema. Amina.