Walinzi wa buu la nyuki

Baada ya taarifa ya habari, sasa uchambuzi. Wasikilizaji wa Miti na vijiji vinavyopakana na mbuga ya Kahuzi-Biega, nyuki mnamjua kwa asali na kwa mwiba. Leo tumtazame mtoto wake, yule buu mweupe aliyejikunja ndani ya tundu la sega.

Chakula anacholishwa na nyuki vibarua hubeba bakteria aitwaye Bombella apis. Watafiti wa Marekani wameona kwamba huyu huzuia kuvu wanaoua mabuu. Tena lishe ikiwa duni, humtengenezea buu laisini, kirutubisho cha kujenga mwili. Mdogo kiasi hicho, na kazi yote hiyo!

Jambo hili linakuhusu nini wewe mwenye maboga na parachichi? Bila nyuki wa kuchavusha, maua mengi yatapukutika bure.

Sasa tupime matumizi ya dawa mzingani. Kwa upande mmoja, kuna ugonjwa wa kuoza kwa mabuu, unaoletwa na bakteria mwingine, na Marekani wapo wafugaji wanaotumia antibiotiki. Siwalaumu, kupoteza mizinga ni kupoteza mtaji. Kwa upande wa pili, dawa hiyo haichagui: huua mwizi na mlinzi pamoja, huku spora za ugonjwa zikibaki hai mzingani miaka na miaka. Hapo mimi nasita.

Kituo cha utafiti cha Lwiro kiko jirani hapa. Je, mabuu wakianza kunuka, mfugaji wetu atapeleka sega likapimwe kwanza, au atakimbilia duka la dawa?