Dhahabu na Mizani: Kutoka Unguja hadi Al Amerat

Sonara akipima kilo moja ya dhahabu Unguja, kisha akaipima tena Al Amerat, nyuma ya milima ya Muscat, kwa mizani ileile nyeti ya umeme, ataiona imezidi kwa takriban robo tatu ya gramu. Je, nani amempunja mwenziwe?

Hakuna. Dunia si tufe kamili. Kwa kuzunguka kwake, imetuna kwenye ikweta, ambako uso wake uko mbali zaidi na kitovu, kwa kilomita 21, kuliko kwenye ncha. Mzunguko huo nao hupunguza uzito. Ndiyo maana mchapuko wa mvutano ni mita 9.78 kwa sekunde mraba kwenye ikweta, na 9.83 kwenye ncha. Unguja i jirani na ikweta. Al Amerat iko takriban nyuzi 23.5 kaskazini. Miamba mizito ya Oman, iliyotoka chini ya bahari ya kale, huongeza kidogo.

Dhahabu yenyewe haikubadilika. Mizani ya vitanga, inayolinganisha mali na jiwe, ingesema kweli kotekote. Ya umeme sharti isawazishwe pale inapotumika. La sivyo, muuzaji mwaminifu ataitwa mwizi.