Kwaheri kwa Godauni la Dunga Road
Matini ya hotuba kwa wacheza densi, wazazi na wakazi wa Kaunti ya Jiji la Nairobi



Hotuba hii ni ya kuaga jengo, na si jengo la kifahari. Lilikuwa godauni, karakana ya zamani ya magari huko Dunga Road, Eneo la Viwanda. Mwaka wa 2003 lilifunguliwa kuwa kituo cha sanaa, na waliolifungua hawakujisumbua kulitafutia jina la kupendeza. Waliliita GoDown, kama lilivyokuwa. Kwa miaka mingi, kijana aliyeshuka matatu na kuuliza njia kati ya viwanda na malori alielekezwa hapo. Sasa kuta zile za zamani zimebomolewa ili kupisha jengo kubwa zaidi.

Ndani ya ua ule mlikuwa na wasanii wa kila aina. Studio ya Ketebul Music ilirekodi humo, na humo ndimo ilimofanyia kazi yake ya kuhifadhi historia ya benga. Wachoraji nao walikuwapo. Lakini leo habari ni ya wacheza densi, kwa sababu moja ya wazi: mwanamuziki anaweza kubeba gita lake hadi nyumbani, na mchoraji akibanwa ataegemeza picha yake kitandani. Mcheza densi asipopata sakafu hana kazi.

Anayeishi Mukuru au Mathare katika chumba cha futi kumi kwa kumi anajua maana ya maneno hayo. Kitanda kiko hapa, jiko pale, ndoo za maji mlangoni, na mdogo wako amelala. Ukiinua mguu, umepiga jiko teke. Ukitoka nje, kuna mtaro, kuna watoto, na kuna majirani watakaosimama kutazama na kucheka. Ndiyo maana vijana wengi wa jiji hili wamejifunza densi usiku, penye mwanga wa duka, juu ya saruji. Saruji nayo haina huruma. Mtu anaporuka na kutua, sakafu ya mbao hunesa kidogo na kupokea uzito. Saruji huurudisha wote kwenye goti na kwenye muundi. Maumivu hayaji siku ya kwanza. Huja baada ya miaka, wakati kijana ndiyo kwanza ameiva.

Historia ya sakafu ile ya Dunga Road ilianza kabla ya godauni lenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990, hapa Nairobi, watu watatu walianzisha kundi la densi ya kisasa lililoitwa Gàara. Mmoja alikuwa Opiyo Okach, Mkenya aliyekuwa amesomea uigizaji bila maneno mjini London. Wa pili alikuwa Faustin Linyekula, kijana kutoka Zaire ya wakati huo, aliyekuja Nairobi baada ya vyuo vikuu vya kwao kufungwa. Wa tatu alikuwa Afrah Tenambergen. Kazi yao iliyoitwa Cleansing ilipata tuzo katika mashindano ya wabunifu wa densi wa Afrika yaliyofanyika Luanda, Angola, mwaka wa 1998. Jiji hili halikulipa jambo hilo uzito mkubwa. Huenda ni kwa sababu densi, kwa wengi wetu, ilikuwa kitu cha tamasha la muziki la shule: unacheza, unapata cheti, unarudi darasani kusoma mambo ya maana.

Godauni lilipofunguliwa, wakfu wa Gàara ulifanya mafunzo humo, na vijana ambao hawakuwahi kuwa na nauli ya kwenda kusomea densi ng'ambo wakapata mahali pa kuingia asubuhi na kutoka jioni wamechoka. Mwaka wa 2005 Okach alitoa kazi iitwayo Shift... Centre, ambamo wachezaji na watazamaji walikaa katika nafasi moja. Hapakuwa na jukwaa la kuwatenga. Mtazamaji alichagua mwenyewe asimame wapi na amtazame nani. Kazi ya namna hiyo inahitaji chumba kikubwa kisicho na viti vilivyopigiliwa chini, na chumba chenye sura ya ghala kinaifaa vizuri.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi hawakuliona kwa sababu hawakuingia ndani. Walisikia tu kwamba mtoto wao "anaenda kucheza". Darasa la densi si mchezo kwa maana hiyo. Kijana anafika saa yake, au anakuta wenzake wamekwisha kupasha misuli joto na yeye hana pa kujificha. Anarudia hatua moja mara thelathini. Anasahihishwa mbele ya watu, na hawezi kununa, kwa sababu hatua inayofuata imeshaanza. Mvulana anajifunza kumwinua msichana kwa mikono isiyo na nia mbaya na kumrudisha chini salama, msichana anajifunza kusema, kwa sauti ya kusikika, "Hapana, bado sijawa tayari." Wote wawili wanajifunza kuanguka. Kuanguka kunafundishwa: unalegeza mwili, unaanza na upande wa paja, huweki mkono ulionyooka. Kijana aliyeanguka mara mia mbele ya wenzake na kusimama mara mia huonekana hata anapotembea barabarani. Shingo yake imekaa vingine.

Wengine walitoka humo wakawa wacheza densi wa kulipwa, wengine walimu. James Mweu ameongoza kundi lake mwenyewe, Kunja Dance Theatre. Linyekula alirudi kwao, na mwaka wa 2001 akaanzisha Studios Kabako mjini Kinshasa, kisha akaipeleka Kisangani, mji uliokuwa umepigwa vibaya na vita. Angeweza kubaki ng'ambo na kuwa msanii wa majukwaa tu. Alikwenda kuwatafutia vijana wa kwao mahali pa kufanyia kazi.

Kwa hiyo, je, ni kwaheri ya majonzi? Ni vizuri kusema ukweli. Ardhi ile haikunyakuliwa na tajiri, jambo ambalo Nairobi tumelizoea mno. Wenye kituo walilivunja jengo lao ili wajenge lililo bora, na nia hiyo ni njema. Lakini jengo hujengwa kwa miaka, na mwili haungoji. Kijana aliyekuwa na miaka kumi na tisa siku milango ya godauni ilipofungwa hawezi kuiweka miguu yake kabatini mpaka mafundi wapake rangi. Miaka ya nguvu ya mcheza densi ni michache, kama ya mkimbiaji. Mwaka mmoja bila mazoezi ya kila siku ni hasara inayoonekana; miaka mitatu humfanya aende kutafuta kazi ya ulinzi au boda boda. Hizo ni kazi za heshima, na hakuna anayezibeza. Ila jiji litakuwa limempoteza mwalimu wa kesho bila hata kujua jina lake.

Hapa ndipo habari hii inapoigusa kaunti. Katiba ya Kenya, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la shughuli za kitamaduni, burudani ya umma na vifaa vya umma. Kumbi za jamii zipo: Kaloleni, Pumwani, Makadara na kwingineko. Ukumbi wa Pumwani ulijengwa kwa kumbukumbu ya wapagazi wa Kiafrika waliotumikishwa katika Vita Kuu ya Kwanza, na wa Kaloleni una historia ndefu ya siasa. Leo kumbi kama hizi zina harusi Jumamosi, ibada Jumapili, na mikutano ya kuchangia mazishi siku nyingine jioni. Hiyo yote ni haki. Lakini pitia ukumbi wa mtaani kwako Jumanne saa tatu asubuhi. Mara nyingi utakuta kufuli, na ng'ambo ya barabara vijana wanacheza juu ya saruji.

Saa mbili za asubuhi, siku tano kwa wiki, haziwezi kumkera bwana harusi yeyote. Sakafu ya mbao, au hata mkeka mnene wa mpira unaokunjwa na kuwekwa kando, ni gharama inayoweza kujadiliwa katika kikao cha maoni kuhusu bajeti. Vikao hivyo hutangazwa, na wanaofika ni watu wa barabara, maji, masoko na mitaro. Wacheza densi hawaonekani. Wanaona kwamba si pao, na huenda wakati mwingine wamefanywa waone hivyo. Afisa hawezi kuandika ombi ambalo halikusemwa.

Basi waliopitia Dunga Road na wafike kikao kijacho cha wadi yao. Waje na wanafunzi wao, na wazazi waje pia, hasa wale ambao hawakuwahi kuingia ndani ya godauni. Waseme wanataka ukumbi upi, saa ngapi, na nani atashika ufunguo. Swali la ufunguo wasiliache, kwa maana mipango mingi ya kumbi imefia hapo.