Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama, Jumapili: kikao cha Jiji, maghorofa na wapangaji

Mvua ya Jumapili iliwazuia wengi, na waliofika wameniomba niyatume niliyosema. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nimepunguza utani tu. Tafadhali usikate kipande ukakirusha kwenye magrupu mengine. Atakayetaka kumtumia mtu amtumie yote.

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, wajumbe wa Kamati, wazee wetu, kina mama na vijana.

Kabla sijasema neno la maghorofa, niweke wazi maslahi yangu. Marehemu baba alituachia nyumba mtaa wa pili kutoka hapa, tuko ndugu wanne. Kiwanja kimo ndani ya ile ramani iliyobandikwa ukutani siku ya kikao. Dalali ameshampigia kaka yangu mkubwa mara tatu. Kwa hiyo mpango huu ukipita, huenda nikapata kitu. Yeyote atakayenisikia leo anisikilize akijua hilo, na akiona nayumba anikumbushe mbele za watu.

Sasa kikao. Wengi wenu mlikuwepo, viti vilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Maofisa wa Jiji walikuja na ramani yao, wakatueleza kwamba eneo letu linapendekezwa kuendelezwa upya: nyumba za chini ziondoke taratibu, viwanja viunganishwe, majengo yapande juu. Walieleza kwa adabu na walijibu waliloweza. Sina ugomvi nao. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wadau washirikishwe mpango unapoandaliwa, nao wakaja kutushirikisha.

Ugomvi nilionao ni na sisi wenyewe.

Mnakumbuka mjadala ulivyokwenda. Wenye nyumba waligawanyika palepale. Mmoja akasema amechoka kukaa kwenye bati linalovuja wakati kiwanja chake ni dhahabu. Mzee wetu mmoja akasema Kariakoo ilianza hivihivi, nyumba za Kiswahili zikaondoka moja moja, leo ukimtafuta mwenyeji wa Kariakoo unamkuta Chanika. Vijana wakauliza ajira. Mjadala mzuri. Kisha akasimama yule mama anayeuza vitumbua pale kona. Amepanga mtaa huu miaka 14, watoto wake wote wamesoma shule ya hapa. Hakumaliza hata sentensi ya kwanza. Sauti ikatoka nyuma: "Kaa chini wewe, mpangaji huna kiwanja hapa." Watu wakacheka. Akakaa.

Sauti ile ilitoka kwenye safu yetu, ya wanachama wa tawi hili. Na mimi Katibu wenu nilikuwa kiti cha tatu kutoka pale, nilikuwa na daftari mkononi, nikaendelea kuandika. Sikusema kitu. Usiku huo sikulala vizuri.

Jumatatu nikafungua daftari la wanachama, lile la ada. Nimehesabu mara mbili. Zaidi ya nusu yetu humu ni wapangaji. Ndio wanaotandika viti, ndio wanaozunguka nyumba kwa nyumba wakati wa uchaguzi. Tukiomba kura hatuwaulizi hati ya kiwanja.

Nina diploma ya uhasibu, si wakili, kwa hiyo niseme kwa lugha ya risiti. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Jengo la ghorofa mjini ni 7,500 kwa kila sakafu. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Lakini hapa kwetu nyumba ina vyumba sita na mita moja, na umeme ukikatika saa tatu usiku nani anayechangisha? Wapangaji. Wananunua LUKU, mashine inakata kodi ya jengo kwanza, ndipo inatoa uniti. Ni wangapi wanarudishiwa hiyo 1,500 kwenye kodi ya chumba? Nyoosheni mikono. (Ilinyooshwa mikono miwili, na mmoja alikuwa anaomba kutoka nje.)

Basi yule mama wa vitumbua analipia jengo ambalo tulimwambia hana la kusema juu yake.

Sasa msinielewe kwamba napinga maghorofa. Siyapingi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Toa, unapata 1,019,187. Gawa kwa siku za miaka kumi, ni watu kama 279 kila siku inayoamka. Hao wanalala wapi? Wanalala Chamazi, Mbagala, Chanika, Bunju, mbali na kazi, na mshahara unaishia kwenye nauli. Serikali ilipima viwanja kwa wingi, ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza miaka ya 2002 na 2003, tukapata Mbweni, Kibada, Tuangoma, Buyuni. Ulisaidia. Lakini mji hauwezi kutambaa tu kwenda Pwani. Sehemu kama yetu, yenye barabara na soko na shule na hospitali ya karibu, lazima ibebe watu zaidi. Anayesema tubaki na mabati yetu milele, namheshimu, ila sikubaliani naye.

Swali langu ni nani atakayebaki hapa majengo yakishapanda.

Niseme la wenye nyumba kwanza, kwa sababu nao wanaweza kuondoka huku wanacheka. Jirani yetu mmoja mzee aliniletea mkataba wa ubia nimsomee. Jina la mwekezaji nalihifadhi. Mzee alikuwa ameshafurahi: jengo la ghorofa kumi, yeye anapewa mbili. Nikasoma. Mbili zenyewe ni ya tisa na ya kumi. Nikatafuta neno lifti kwenye kurasa zote 11, sikuliona. Ujenzi ni miezi 36, na hakuna faini ukichelewa. Katika miezi hiyo mzee analipiwa pango la kuishi kwingine miezi 12 tu, shilingi 300,000 kwa mwezi.

Nikamfanyia hesabu nyuma ya bahasha. Leo anapangisha vyumba vitano, kila kimoja 70,000. Hiyo ni 350,000 kwa mwezi. Kwa miezi 36 anakosa 12,600,000. Miezi 24 ambayo hatalipiwa pango, atatoa mwenyewe 7,200,000. Jumla 19,800,000, na hapo jengo limekamilika siku ileile iliyoandikwa. Mwenye kujua jengo lililokamilika siku iliyoandikwa aniambie.

Lakini hilo si baya kuliko yote. Kifungu kimoja, kifupi, kinasema mwenye kiwanja atamkabidhi mwekezaji hati "kwa ajili ya taratibu za fedha". Ndugu zangu, taratibu za fedha ni mkopo. Hati ya mzee inakwenda rehani benki, deni analichukua mwingine. Mwekezaji akishindwa kulipa, benki haitamtafuta mwekezaji kwanza, itakuja kwenye kiwanja. Mzee alikunja ule mkataba akauweka ndani ya msahafu, akasema ukae humo mpaka apate mtu wa sheria. Nilimwambia akae nao, asiutie hata alama.

Msikatae ubia. Ubia mzuri upo. Lakini andikeni sakafu ipi, andikeni lifti, andikeni faini ya kuchelewa, na pango lilipwe mpaka siku ya kukabidhiwa ufunguo. Tangu mwaka 2008 tuna sheria inayoruhusu mtu kuwa na hati ya sehemu yake ndani ya jengo. Daini hiyo hati, msiridhike na "utapewa funguo". Na nyumba ya mirathi, kama yetu, haisainiwi na kaka mkubwa peke yake. Kuna msimamizi wa mirathi anayethibitishwa na mahakama. Namsema kaka yangu, yupo hapa, ameshanitazama vibaya.

Nirudi kwa wapangaji. Wapo wanaosema mpangaji akiondolewa atapanga kwingine, mji ni mkubwa. Atapanga, ndiyo. Atatafuta kodi ya miezi sita kwa mkupuo na ya dalali juu yake. Mtoto wa darasa la saba atahama shule. Wateja wa vitumbua hawahami naye. Hesabu hiyo haimo kwenye mkataba wowote niliousoma.

Tuna mfano Magomeni Kota. Wale walikuwa wapangaji wa nyumba za umma, na ni kweli hilo ni tofauti na mpangaji wa nyumba ya mtu binafsi, sitaki kuwadanganya. Walitolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, nyumba zikavunjwa, kiwanja kikakaa kitupu, wao wametawanyika mji mzima. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua majengo mapya yenye nyumba 656, na kaya 644 zikarudi. Karibu miaka kumi nje! Wapo waliofariki wakisubiri, wakarudi watoto wao. Lakini nataka mwone kitu kimoja. Ile 644 haikupungua wala kusahaulika. Kila walipokwenda, walikwenda na orodha. Mpangaji asiye kwenye orodha, jengo likiisha, ataonekana ni mtu anayepita njia.

Sisi tuna orodha gani? Ya ada za chama. Haitoshi.

Mambo mengine mawili nitayapitia haraka. Majitaka: mvua zikinyesha hapa wapo wanaotapisha vyoo mtaroni, tunawajua na hatuwasemi. Shimo la kaya sita linatushinda. Kaya 40 kwenye kiwanja kilekile zitakwenda wapi? Hilo lijibiwe kabla ya kibali, kwa bomba, si kwa ahadi. La pili ni usalama. Novemba 2024 jengo liliporomoka Kariakoo, watu wakakaa siku kadhaa chini ya kifusi, zaidi ya 20 wakafa. Mwaka 2013 lilianguka lingine katikati ya mji likiwa linajengwa, zaidi ya 30 wakafa. Ghorofa ikianza kuongezwa juu ya zile za kwenye kibali, anayeiona kwanza ni jirani. Lazima tukubaliane jirani huyo anapeleka taarifa wapi, na nani anamlinda akishaipeleka.

Kwa hiyo naomba Tawi likubaliane na mambo haya kabla kikao cha pili hakijaitwa.

Kwanza, tumwombe radhi yule mama. Si kwa maneno ya jumla kwenye grupu. Mwenyekiti na mimi twende pale kona, na aliyetoa ile sauti aje nasi. Anajijua, na nashukuru jana usiku alinipigia mwenyewe.

Pili, maoni yetu yaende Jiji kwa maandishi, yagongwe muhuri wa kupokelewa, nakala ibaki hapa. Diwani wetu ataingia Baraza la Madiwani, sisi tukienda kule tunakaa kusikiliza tu. Tunalotaka alisemee lazima awe nalo kwenye karatasi. Ndani yake tudai kila mradi useme wazi nyumba ngapi zitapangishwa kwa bei ambayo mtu wa chumba kimoja leo anaweza kuisogelea, na mpangaji wa zamani apewe nafasi ya kwanza kuzipanga. Huenda tukakataliwa. Sawa, tukataliwe kwa maandishi.

Tatu, hakuna mwanachama anayesaini ubia peke yake sebuleni. Leta mkataba, nitausoma bila malipo, jioni yoyote. Panapohitaji wakili nitasema panahitaji wakili, sitajifanya.

(Mkutano ulikubali la kwanza na la tatu bila kupinga. La pili lilijadiliwa saa nzima. Wenye nyumba wanne walisema wazi hawataki sharti la wapangaji liingie kwenye barua, kwa sababu litawakimbiza wawekezaji. Hoja yao nimeiandika kwenye muhtasari kama walivyoisema. Tulipopiga kura ilikuwa 31 kwa 17. Barua itakwenda na sharti hilo, na hoja ya wale 17 itaambatanishwa.)

Daftari la wakazi limefunguliwa ofisi ya tawi, kuanzia kesho, saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Upande mmoja wenye nyumba, upande mmoja wapangaji. Si lazima uwe mwanachama. Njoo na jina, namba ya nyumba, na mwaka uliohamia mtaa huu. Mpangaji akiwa na risiti za LUKU aje nazo, hata za kwenye simu, tutazinakili. Barua inapelekwa Ijumaa saa 4 asubuhi, wanaotaka kusindikiza tukutane kituo cha daladala.

Katibu wa Tawi