Mto Lualaba na Ukuta wa Nzilo

Leo tunasema habari za ukuta unaouzuia mto wetu, karibu na Kolwezi.

Mto Lualaba huanza kwenye nyanda za juu, karibu na mpaka wa Zambia, nao huenda kaskazini. Huko juu maji hutembea polepole. Lakini pale Nzilo mto umekata njia nyembamba kati ya majabali, na maji hushuka kwa nguvu, kisha huenda mpaka nchi tambarare ya Bukama na Upemba. Mahali pembamba namna hii ndipo panapofaa kujengwa ukuta: ukuta ni mfupi, lakini ziwa ni kubwa.

Union Minière ndiyo iliyoujenga, na mashine zikaanza kutoa umeme mwaka 1952. Waliuita Delcommune, jina la Mbelgiji aliyefika Katanga mwaka 1891. Baadaye jina la Nzilo likarudi. Mwaka 1956 ukafuata mtambo wa Nseke, chini yake mtoni. Mwaka huohuo umeme ukavuka mpaka kwenda migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo.

Basi mtasema: "Nyaya zapita juu ya vichwa vyetu, na nyumbani hatuna taa. Ukuta huo watuhusu nini?" Neno hilo ni la haki. Vijiji vingi vinapika kwa makala hata sasa. Lakini tazameni: miti ya mlimani ikiisha kwa makala, mvua hupiga udongo mtupu. Udongo mzuri wa juu, ulio chakula cha mahindi, hushuka pamoja na maji. Yakifika ziwani maji hutulia, na udongo huzama chini, mwaka kwa mwaka. Hivyo shamba linakonda, na nafasi ya maji ziwani inapungua. Hasara ya kwanza ni yako mwenye shamba. Ya mgodi huja nyuma.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Pigeni matuta ya kukingama mteremko, wala msiyaelekeze chini. Acheni majani na miti kandokando ya mto, upana wa hatua 30. Msichome mabua, bali yatandazeni shambani. Ukikata mti, acha kisiki, kitachipua tena.

Udongo ukiisha kufika ziwani, hakuna jembe la kuurudisha. Uzuieni mlimani, kabla mvua hazijaanza.