Mifupa na Maziwa ya Mama
(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya faida ya elimu. Mimi ni mtumishi wa serikali, kazi yangu ni mafaili. Lakini leo nitazungumza juu ya maziwa ya mama.

Nilipokuwa mdogo, mama alishika mimba, na mdogo wangu akaachishwa ziwa akiwa na miezi 8. Akalishwa uji mtupu. Miguu ikavimba, nywele zikapauka, akafariki. Majirani walisema amebemendwa, na lawama akaibeba mama peke yake.

Chuo kikuu nilisoma kwamba mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aliandika juu ya maradhi hayo tuyaitayo unyafuzi. Wagaa wa huko walikwisha kuyapa jina: maradhi ya mtoto aliyempisha mwenzake. Nikajiuliza: je, watu wa kale waliwaachisha watoto ziwa lini?

Jibu limo mifupani. Mtoto anyonyaye hujengwa na mwili wa mama yake, kwa hiyo naitrojeni nzito huwa nyingi mwilini mwake kuliko kwa mama. Akizoea chakula kingine, kipimo hushuka. Wataalamu hupima mifupa ya watoto wa umri mbalimbali na kuona kinaposhukia. Wharram Percy, kijiji cha Uingereza cha enzi za kati, watoto waliacha ziwa wakikaribia miaka 2. Kellis, katika jangwa la Misri zama za Warumi, walianza chakula kwenye miezi 6 hivi, wakaacha ziwa kwenye miaka 3.

Lakini angalieni, vijana: mifupa hiyo ni ya watoto waliokufa. Huenda walionusurika walilishwa vinginevyo. Ndiyo maana hupimwa pia meno ya watu wazima, kwani jino hutunza habari za utotoni, tabaka kwa tabaka. Elimu ndiyo hiyo: kuuliza ni nani hakuhesabiwa.

Mama nilimweleza haya uzeeni mwake: kwamba mtoto alipungukiwa chakula cha kujenga mwili, wala si kosa lake. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe ni maharage tu, mwanangu."

Someni, vijana; na mkirudi nyumbani, waelezeni mama zenu mapema kuliko nilivyofanya mimi.